Mvumo wa upande wa kulia: kisa cha pleya ya santuri yenye makosa mawili

Mvumo ulikuwa upande wa kulia peke yake. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo jambo la kwanza Mjomba aliloniambia, na kama ningelipa uzito wake tangu siku ile, kazi ingekwisha mapema zaidi.

Sindano ya katriji yake ya zamani, kile kichwa kidogo cha mwisho wa mkono wa pleya kinachobeba sindano, ilikuwa imelika. Akanunua katriji mpya, akaifunga mwenyewe kwa subira yake yote, nyaya nne ndogo kila mmoja mahali pake. Alipowasha, muziki ulitoka mzuri, lakini chini yake kulikuwa na "mmmmm" isiyokatika. Ukizima mota ya pleya, ipo. Ukiinua sindano kutoka kwenye santuri, ipo. Ukipandisha sauti, nayo inapanda. Kushoto kimya.

"Mpwa wangu," akaniambia, "nimebadilisha nyaya zote za nyuma, nimegeuza plagi ukutani, nimefuta kila ncha kwa spiriti. Haukomi."

Vyombo vyenyewe havikuwa na ajabu. Pleya ambayo sahani yake huzungushwa na mkanda, katriji mpya ya aina ya MM, yenye sumaku ndogo inayotikisika mbele ya koili mbili, moja ya kila upande, kisanduku cha fono (kikuza-ishara cha pleya) kinachojitegemea, kinachopata umeme kwa adapta ya transfoma, zile nzito zenye umbo la tofali, amplifaya, na spika mbili. Vyote vilikaa juu ya rafu moja ya mbao. Pleya kushoto, amplifaya kulia kwake, katikati pakibaki nafasi ya kupitisha kiganja tu. Ile adapta ilikuwa imelala nyuma, juu ya fundo la nyaya. Picha hii uishike akilini.

Lazima kwanza ieleweke kwa nini santuri huvuma pale ambapo mashine ya CD iliyounganishwa kwenye amplifaya hiyohiyo haivumi. Katriji ya MM hutoa milivolti 3 hadi 5 hivi. Mashine ya CD hutoa karibu volti 2, yaani mara mia kadhaa zaidi. Ndiyo maana kisanduku cha fono hukuza ishara ya katriji kama mara 100 kabla ya kuikabidhi kwa amplifaya. Kisha kuna jambo la besi. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi, kwa kuwa besi kamili ingeufanya mfereji uyumbe kwa upana mkubwa mno na muziki usingeenea kwenye santuri. Kazi ya kuirudisha besi mahali pake hufanywa na kisanduku cha fono, kwa mkunjo unaoitwa RIAA, kipimo kilichokubaliwa mwaka 1954. Kwenye hezi 50 (mapigo 50 kwa sekunde) mkunjo huo huongeza desibeli 17, kipimo cha nguvu ya sauti, kama mara 7 tena juu ya zile 100. Na hezi 50 ndiyo mapigo ya umeme wa ukutani katika sehemu kubwa ya dunia (kwingine ni 60). Kwa hiyo chembe yoyote ya umeme wa ukutani ikiponyoka ikaingia kwenye nyaya za katriji, hukuzwa kama mara 700 kabla hujagusa sauti. Hakuna chombo kingine cha muziki nyumbani kinachoukaribisha mvumo namna hiyo.

Tulianza kwa kutenga. Tulihamisha amplifaya kwenye njia ya CD: kimya, hata sauti ikiwa juu. Amplifaya na spika zikawa zimetoka kwenye orodha ya washukiwa. Kisha nikachomoa plagi za pleya kwenye kisanduku cha fono. Hapa watu wengi hukosea: wanachomoa, wanasikia mvumo umezidi, wanakihukumu kisanduku. Tundu la fono lililoachwa wazi hufanya kazi kama antena, lazima livume. Nilichukua plagi mbili kuukuu za RCA, zile za duara za nyaya za sauti, nikalehemu kipande cha waya kati ya pini ya katikati na duara la nje la kila moja, nikazichomeka kwenye matundu ya kuingizia. Kimya kabisa. Kumbe kisanduku kizima, adapta yake nzima, na kosa liko kabla ya hapo: kwenye pleya, katriji, au nyaya zinazotoka humo.

Tukazirudisha plagi za pleya, safari hii kwa kuzibadilishana, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Mvumo ukahamia spika ya kushoto. Kwa dakika moja tu ya kazi tulijua kosa linaifuata ishara ya kulia ya katriji, na halina uhusiano na upande wa kulia wa kisanduku. Mtu akiniuliza kipimo kimoja tu cha kufanya kabla ya kununua chochote, nitamtajia hiki.

Nikatoa mita ya kupimia umeme. Plagi zote zikiwa zimechomolewa, nilipima katikati ya kila plagi ya pleya, pini kwa duara la nje. Koili zote mbili zilisoma karibu sawa, ohimu mia saba na kitu kila moja, kwa hiyo hakuna iliyokatika. (Hiki ni kipimo cha katriji za MM. Zile za MC, ambamo koili ndizo zinazotikisika, koili zake ni nyembamba mno, na mimi siziwekei mita.) Kisha nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi (wa ardhi) wa pleya, ule mwembamba wenye kikono cha uma unaofungwa kwenye skrubu ya kisanduku, na ncha nyingine kwenye duara la nje la plagi ya kushoto. Hakuna njia. Duara la nje la plagi ya kulia: mita ikalia. Ohimu moja pungufu.

Hapo ndipo palipokuwa na tofauti. Kwenye pleya iliyofungwa vizuri, nyaya za ishara na waya wa ethi wa mkono unaobeba katriji hazikutani ndani ya pleya; hukutana mahali pamoja tu, kwenye kisanduku cha fono. Hapa upande wa kulia ulikuwa unakutana na ethi mara mbili, kwenye kisanduku na mahali pengine huko ndani. Njia mbili zinazokutana pande zote mbili ni kitanzi, na kitanzi cha waya kikipitiwa na uga wa sumaku wa transfoma huzaa mkondo. Mkondo huo unapita kwenye wavu wa nje wa waya wa kulia, wavu uleule ambao ishara ya katriji inautegemea kama njia ya kurudia.

Nikaufungua mkono, nikageuza katriji juu chini kwenye mwanga wa taa ya mezani. Pini nne nyuma yake: nyeupe na bluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Kwenye mzizi wa pini ya kijani kulikuwa na kijibati chembamba, upana wa punje ya mchele, kimekunjwa kikagusa mwili wa chuma wa katriji. Kinawekwa na watengenezaji kwa nia njema: kwenye pleya ambazo mkono wake hauna waya wa ethi, kijibati hicho ndicho kinachoupa mwili wa katriji ethi, kupitia upande wa kulia. Lakini mkono wa pleya ya Mjomba ni wa chuma na una waya wake wa ethi. Mwili wa katriji uligusa mkono kwa skrubu, mkono ukagusa waya wa ethi, na kijibati kikafunga kitanzi. Katriji ya zamani haikuwa na kijibati. Ndiyo maana mvumo ulikuja na katriji mpya, na ndiyo maana ulikuwa kulia tu.

Mpaka hapa kila kitu kilienda sawa, na hapa ndipo nilipoharibu.

Sikutaka kugusa kijibati kabla ya kuhakikisha, kwa hiyo nilichagua njia nyepesi ya kukivunja kitanzi kwa majaribio. Nilifungua skrubu ya kisanduku cha fono nikautoa waya wa ethi. Kitanzi kimekatika, mkono bado una ethi kupitia kijibati, mvumo uishe. Mvumo ukapanda. Si sana, lakini Mjomba naye aliusikia, akatikisa kichwa. Nikaurudisha waya, ukashuka ulipokuwa. Nikautoa, ukapanda. Nikamwambia kitanzi sicho, hebu tukiache.

Nilikiacha kwa jioni mbili nzima. Nilizifungua plagi nikatazama malehemu, nikabadilisha vile vishikizo vidogo vya nyuma ya katriji, nikaifunga upya, nikaazima kisanduku kingine cha fono kwa jirani. Hakuna kilichobadilika. Wakati huo mtu mmoja alimshauri Mjomba avunje pini ya ethi ya plagi ya umeme ya amplifaya, kwamba mvumo wote wa ethi huisha hapo. Nilimwomba asithubutu, na namwomba kila anayesoma hapa. Pini ile ndiyo inayolipa umeme njia ya kukimbilia siku waya wa moto utakapogusa kasha la chuma ndani, fyuzi ikatike. Ukiivunja, kasha hubaki na umeme likisubiri mkono wa mtu, pengine wa mtoto anayetaka kupandisha sauti. Mvumo wa santuri hutatuliwa upande wa ishara, kwenye milivolti. Upande wa umeme wa ukutani haukatwi kitu.

Jioni ya tatu nilikuwa nairudisha katriji kwenye mkono, kifuniko cha sindano kikiwa kimewekwa, amplifaya ikiwa imewashwa na sauti imepanda kidogo kuliko kawaida. Nilipoupeleka mkono kutoka katikati ya sahani kwenda kwenye kipumzikio chake, kulia kabisa, mvumo ulikua. Nikaurudisha katikati, ukapungua. Nikaupeleka tena kulia, taratibu. Ukawa unapanda kwa kila sentimita, kama mtu anayekaribia chanzo cha sauti gizani.

Mvumo wa kitanzi haujali mkono uko wapi juu ya sahani. Mvumo unaobadilika kwa mahali pa katriji unaingia moja kwa moja kwenye koili zake, kwa njia ya hewa. Na upande wa kulia wa pleya, kiganja kimoja tu kutoka kwenye kipumzikio, ilikaa amplifaya yenye transfoma ya uzito wa kilo kadhaa. Koili ya kulia ndani ya katriji ile, kwa jinsi ilivyoelekea, ndiyo iliyokuwa inaudaka uga wa transfoma; ya kushoto haikuudaka kwa kiasi cha kusikika.

Basi makosa yalikuwa mawili, yote upande wa kulia. Lakini hilo halielezi kwa nini kuondoa moja kuliongeza mvumo.

Ili nipate namba badala ya kubishana na masikio, niliunganisha kompyuta ndogo kwenye tundu la kurekodia la amplifaya. Niliiacha itumie betri yake, kwa sababu chaja yake ingeleta ethi nyingine na kitanzi kingine katikati ya uchunguzi. Nikarekodi nusu dakika kwa kila hali, nikatazama mchoro wa masafa. Kilele kikubwa kilikuwa hezi 50, cha pili 150. Hii peke yake ni habari: 50 na 150 ni alama ya uga wa transfoma. Kilele kikubwa kingekuwa 100, ningeshuku kapasita zilizochoka ndani ya adapta au amplifaya, kwa kuwa umeme ukishanyooshwa kuwa wa upande mmoja, masalia ya mawimbi yake hupiga mara mbili ya umeme wa ukutani.

Hali ya kwanza, vyote kama vilivyokuwa, niliiita sifuri. Waya wa ethi umetolewa, amplifaya mahali pake: desibeli 3 juu. Waya wa ethi umerudishwa, amplifaya imehamishiwa mwisho wa pili wa rafu, mbali na mkono: desibeli 8 chini. Waya umetolewa na amplifaya iko mbali: desibeli 28 chini, na hapo hata ukiweka sikio karibu na spika husikii mvumo, unasikia tu ule mlio mwororo wa "shhh" wa umeme ambao kila kisanduku cha fono kinao.

Hizo namba ndizo zilizonifungua macho. Mivumo yote miwili ilizaliwa na umeme mmoja wa ukutani, kwa hiyo ilikuwa inapiga pamoja, hatua kwa hatua. Lakini mmoja ulikuwa unavuta wakati mwingine unasukuma. Watu wawili wakisukuma mlango kutoka pande mbili, mmoja ana nguvu zaidi, mlango unasogea kwa tofauti yao tu. Mdhaifu akiondoka, mlango unakwenda kwa kasi zaidi. Hesabu inakubali: kama mvumo wa amplifaya ulikuwa 1.4 na wa kitanzi 0.4, kilichosikika ni 1. Ondoa kitanzi, inabaki 1.4, ndizo desibeli 3 za kupanda. Ondoa amplifaya, inabaki 0.4, ndizo desibeli 8 za kushuka. Tiba yangu ya siku ya kwanza ilikuwa sahihi. Niliiondoa kwa sababu ilifichua ugonjwa wa pili.

Tangu kisa hiki nimebadilisha namna ninavyofanya kazi. Bado nabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ila kama mita imenionyesha kosa la kweli, na kitanzi kile kilikuwa cha kweli, silirudishi kosa mahali pake kwa sababu tu sikio halikufurahi. Naliacha limetibiwa, natafuta linalofuata.

Tiba ya kudumu ilikuwa fupi. Waya wa ethi tuliurudisha kwenye skrubu yake, maana mkono wa chuma unahitaji ethi yake yenyewe, na kijibati ndicho tulichokiondoa. Nilikiinua kwa ncha ya sindano ya kushonea, nikiishika pini ya kijani kwa koleo ndogo ili isiyumbe, kikateleza kikatoka. Mwili wa katriji ukabaki na ethi kupitia skrubu na mkono. Usijaribu kulehemu chochote kwenye pini hizo; joto husafiri hadi kwenye koili, na waya wa koili ni mwembamba kuliko unywele. Nikapima tena: waya wa ethi na duara la plagi ya kulia, hakuna njia, kushoto, hakuna njia. Pande mbili sawa. Adapta ya fono niliitoa juu ya fundo la nyaya nikaitundika pembeni, na amplifaya ikabaki mwisho wa rafu. Uga wa transfoma hupungua kwa kasi sana unapoondoka nayo, kwa hiyo sentimita 50 au 60 hufanya kazi ambayo waya ghali hauwezi. Kuiweka rafu ya chini, moja kwa moja chini ya mkono, kusingesaidia sana: mbao haizuii sumaku.

Mvumo ulipoondoka tulisikia vilivyokuwa vimejificha nyuma yake. Sauti ikiwa juu na besi nzito ikipita, kulikuja mngurumo wa chini uliojikuza wenyewe. Mota ikiwa imezimwa, nililaza sindano kwenye santuri iliyosimama, nikagonga rafu kwa kifundo cha kidole: spika zikajibu "dum". Spika zilikuwa juu ya rafu ileile, zinaitikisa, rafu inaitikisa sindano, sindano inazilisha spika. Tukazishusha kwenye vigoda vyao na jambo likaisha. Mjomba alilalamikia pia "tik" moja inayorudi. Nilihesabu kwa saa: kila sekunde 1.8. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, basi huo ni mkwaruzo wa santuri ile moja, pleya haina kosa. Tukaweka nyingine, "tik" haikuwapo.

Alikaa kwenye kiti chake, akashusha sindano mwenyewe. Kabla ya noti ya kwanza kuna zile sekunde chache za mfereji mtupu, sindano inapita na unasikia tu vumbi hapa na pale. Alinyoosha kidole kunizuia nisiseme, akasikiliza sekunde hizo hadi zikaisha.

Ndani ya mfuniko wa pleya nimembandikia karatasi: "Kijibati cha pini ya kijani kimeondolewa. Katriji ikibadilishwa, pima waya wa ethi na plagi zote mbili kabla ya kuwasha. Amplifaya isirudi kulia."